Likasi: Michezo ya bure kwa watoto kwenye simu na kompyuta, ipi ni bure kweli?

Jioni, umeme ukirudi na chakula kikiwa bado jikoni, simu ya mzazi huhamia mikononi mwa mtoto. Katika nyumba nyingi za Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda na Shituru, mtoto wa miaka minne au mitano tayari anajua kufungua simu, kutafuta picha yenye rangi nyingi na kubonyeza. Nusu saa baadaye simu inarudi kwa mwenyewe ikiwa imebadilika: mega zimekwisha, kwenye kioo kuna tangazo la kubahatisha mpira, na mchezo ulioandikwa kuwa ni wa bure sasa unadai dola ili uendelee.

Hali hiyo imewafanya wazazi wengi wafikie uamuzi mmoja kati ya miwili. Wapo wanaoficha simu kabisa, na wapo wanaomwachia mtoto kila kitu ili wapate kupumzika. Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo haijulikani sana katika mji huu wa jimbo la Haut-Katanga. Ipo michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo, isiyo na matangazo, isiyodai pesa, na mingi kati yake haihitaji intaneti ikishaingia kwenye simu au kompyuta. Baadhi iko kwa Kifaransa, lugha ya masomo. Mingine iko kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani.

Ugumu ni kuitafuta katikati ya maelfu ya michezo mingine inayojiita pia ya bure.

«Bure» tatu zilizo tofauti

Neno «bure» kwenye duka la Play Store lina maana zaidi ya moja, na mzazi anayeipakua michezo bila kusoma huzichanganya.

Bure ya kwanza ni ile inayolipwa na matangazo. Mtoto halipi kitu, lakini kila baada ya dakika chache mchezo unasimama na tangazo linatokea. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kutofautisha kitufe cha mchezo na kitufe cha tangazo, kwa hiyo hubonyeza vyote. Kila tangazo la video hutumia mega ambazo mzazi amezinunua.

Bure ya pili ni ile ya mlango wazi na vyumba vilivyofungwa. Hatua za kwanza za mchezo hazina malipo, kisha mtoto anaambiwa anunue funguo, nyota au sarafu. Jambo hili limewaingiza wazazi hasara hata katika nchi tajiri. Mnamo Januari 2014, Apple ilikubali mbele ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa watumiaji ambao watoto wao walikuwa wamenunua vitu ndani ya michezo bila ruhusa. Mwaka 2022, kampuni ya Epic Games, inayomiliki mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Sehemu moja ilihusu taarifa binafsi za watoto, na nyingine ilihusu vitufe vilivyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia.

Bure ya tatu ndiyo bure kamili. Programu hutolewa na chama cha watu wanaojitolea, chuo kikuu au shirika lisilotafuta faida, nayo haina matangazo wala duka ndani yake. Hii ndiyo inayomfaa mtoto mdogo, na kwa kuwa hailipii matangazo ya kujitangaza, mara nyingi haionekani mwanzoni mwa orodha.

Kompyuta ya zamani bado ina kazi

Familia au shule yenye kompyuta, hata iliyonunuliwa ikiwa imetumika, inaweza kuanza na GCompris. Jina hilo husomeka kwa Kifaransa kama «j'ai compris», yaani «nimeelewa». Programu hii ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin, na leo inaendelezwa na watu wanaojitolea ndani ya jumuiya ya KDE. Imelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na ina shughuli zaidi ya 100 ndani ya kifurushi kimoja.

Mtoto mdogo kabisa huanza kwa kujifunza kutumia panya ya kompyuta: anapitisha mshale juu ya vipande vinavyofunika picha, navyo vinafutika kimoja kimoja. Baadaye herufi zinaanguka kutoka juu, naye anatakiwa kuzibonyeza kabla hazijafika chini. Kuna kuhesabu, kujumlisha, kusoma saa, kutambua rangi, kupanga vitu, na kwa waliokua kidogo kuna dama na sataranji. Yote yapo kwa Kifaransa, pamoja na sauti zinazotamka herufi na maneno. GCompris haina matangazo, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, macOS na simu za Android.

Jambo moja linafaa kujulikana mapema. Kwenye simu, sauti za lugha na baadhi ya picha huweza kupakuliwa baada ya programu yenyewe kuingia. Kwa hiyo mzazi anayeiweka siku ana mega, au akiwa mahali penye Wi-Fi, aifungue hapohapo, achague Kifaransa na asubiri sauti zimalizike kupakuliwa. Baada ya hapo programu inaweza kutumika hata siku ambayo hakuna mtandao.

Programu ya pili ni Tux Paint, iliyoanzishwa na Mmarekani Bill Kendrick mwaka 2002. Ni daftari la kuchora la watoto wa kuanzia miaka mitatu. Vitufe vyake ni vikubwa, kila brashi ina mlio wake, na zipo picha ndogondogo ambazo mtoto huzigonga kama muhuri kwenye ukurasa. Mtoto haombwi kuandika jina la faili wala kuchagua mahali pa kuhifadhi: anabonyeza tu, na mchoro unabaki. Nayo ipo kwa Kifaransa na haihitaji intaneti.

Kwa wanafunzi wa shule ya msingi wanaohangaika na jedwali la kuzidisha, upo mchezo wa Tux Math. Hesabu zinashuka kutoka angani kama mawe, na mtoto huzilipua kwa kuandika jibu sahihi. Faida yake ni kwamba mtoto anafanya hesabu nyingi kwa muda mfupi bila kuona kwamba yuko kwenye mazoezi.

Programu hizi zote zinaruhusu kunakiliwa. Mtu mmoja akizipakua, anaweza kuzipeleka kwa jirani kwa USB, na jirani kwa shule, bila kuvunja sheria. Katika mji ambao mega ni ghali kwa familia nyingi, ruhusa hiyo ina thamani kubwa.

Kwenye simu

Nyumba nyingi za Likasi hazina kompyuta, lakini simu ipo. Mbali na GCompris, kuna michezo mingine michache inayofaa kwa wanaoanza kusoma.

Feed the Monster ulizaliwa kutokana na shindano lililofadhiliwa na serikali ya Norway, EduApp4Syria, kwa ajili ya watoto wa Syria waliokosa shule kwa sababu ya vita. Ulikuwa mmoja wa washindi wawili mwaka 2017. Mtoto anasikia sauti ya herufi, anaitafuta kwenye kioo na kumlisha dubwana dogo. Akikosea, dubwana linakataa chakula, akipata, linakua. Shirika la Curious Learning limeusambaza baadaye katika lugha nyingi, Kiswahili na Kifaransa zikiwemo.

ScratchJr, kazi ya watafiti wa chuo cha MIT na Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, ilitoka mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Hapa mtoto hafuati mchezo wa mtu mwingine, bali anatengeneza wake. Anaunganisha vipande vyenye mishale na picha ili paka atembee, aruke au aseme. Maneno ni machache sana, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kuanza. Kaka yake mkubwa, Scratch, ambayo MIT iliitoa mwaka 2007, inawafaa wa kuanzia miaka 8, na katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo.

Khan Academy Kids, iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, pia haina matangazo wala malipo, na wazazi wengi duniani huisifu. Lakini kwa Likasi ina kikwazo kimoja kikubwa: imejengwa juu ya Kiingereza. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na kuanza Kifaransa shuleni atafurahia nyimbo na wanyama, ila atajifunza herufi kwa matamshi ambayo mwalimu wake hayatumii. Tovuti nyingi zinazotajwa mara kwa mara, kama PBS Kids ya Marekani na CBeebies ya Uingereza, zina kikwazo hichohicho.

Kiswahili kilichojaribiwa Tanga

Jaribio kubwa linalowahusu watoto wanaozungumza Kiswahili halikufanyika mbali sana. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, likitaka programu itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano za mwisho zilipelekwa uwanjani mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa kushirikiana na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali ya Tanzania.

Kwa miezi 15, kuanzia mwisho wa 2017 hadi mapema 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walitumia vidonge vya kompyuta vilivyochajiwa kwa nguvu za jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mnamo Mei 2019, Kitkit School, timu ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion, ya Uingereza na Kenya, zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja, kila moja ikipata dola milioni 5.

Sharti la shindano lilikuwa kwamba kazi za timu zote tano ziachwe wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili yeyote azitumie na kuzibadilisha. Kwa maneno mengine, shule ya Likasi au fundi kijana wa kompyuta ana haki ya kuzichukua leo.

Matokeo hayo yana pande mbili. Yanaonyesha kwamba programu nzuri kwa lugha ya mtoto inafundisha kweli. Lakini nusu nyingine ya watoto ilimaliza miezi 15 bila kuweza kusoma. Kifaa peke yake, bila mtu pembeni, kilifika mahali kikasimama.

Kutoka Dar es Salaam kuna hazina nyingine: Ubongo, shirika linalotengeneza katuni za kufundisha. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Akili and Me ni ya wadogo wa miaka 3 hadi 6. Mhusika wake Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, na akilala usiku huingia katika nchi ya ndoto ambako hujifunza herufi, namba na sanaa pamoja na marafiki zake wanyama. Vipindi hivi vipo kwa Kiswahili, na kuna vilivyotafsiriwa kwa Kifaransa. Ila ni video, nazo hutumia mega nyingi kuliko mchezo uliokwisha kupakuliwa. Ni vizuri kuzihifadhi ukiwa kwenye Wi-Fi na kuzionyesha baadaye.

Wanaopenda kusoma wana African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014. Ni maktaba ya vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Vitabu hupakuliwa bure na vinaweza kuchapishwa.

Mzazi wa Likasi atagundua jambo moja haraka. Kiswahili cha programu hizi ni sanifu, na hakifanani kila mara na kinachosemwa Kikula. Mtoto anayesema «mayi» atasikia «maji». Anayekwenda «ku masomo» ataambiwa aende «shule». Naye huenda amezoea kuhesabu kwa Kifaransa. Hilo si sababu ya kuacha. Ni sababu ya mtu mzima kukaa karibu na kusema: mayi na maji ni kitu kimoja. Mtoto anayeelezwa hivyo anapata maneno mawili mahali pa moja.

Shule bila intaneti

Kwa shule na parokia zenye chumba cha kompyuta, kuna njia ya kuwahudumia watoto wengi kwa pamoja. Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja pamoja na video, mazoezi na vitabu. Kompyuta hiyo inarusha Wi-Fi ya ndani ya darasa, na simu au kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo bila kutumia hata mega moja. Masomo ya Kifaransa na ya Kiswahili yapo.

Kiwix inafanya kazi inayofanana kwa maktaba: inabeba Wikipedia nzima ndani ya kadi ya kumbukumbu. Kwa watoto, inaweza kubeba Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuandikwa kwa lugha rahisi kwa ajili ya wa miaka 8 hadi 13. Mwalimu akipakua mara moja, hata akiwa safarini Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka Likasi, darasa linaweza kutumia mwaka mzima.

Hilo lina uzito katika mji huu. Mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, haiko mbali, lakini wakazi wanajua kukaa gizani. Simu iliyochajiwa yenye programu isiyohitaji mtandao inaendelea kufundisha umeme ukikatika. Tovuti haiwezi.

Dakika tano za kukagua

Kabla ya kumpa mtoto mchezo wowote mpya, mzazi anaweza kuupima mwenyewe kwa hatua chache.

Hatua ya kwanza ni kusoma maneno madogo chini ya jina la mchezo kwenye Play Store. «Contient des annonces» maana yake kuna matangazo. «Achats intégrés» maana yake kuna vitu vya kununuliwa ndani. Mchezo usio na maneno hayo mawili ndio wa kuanza nao.

Hatua ya pili ni kuupakua, kisha kuweka simu kwenye «mode avion» na kuufungua. Ukifanya kazi, mtoto anaweza kuucheza hivyohivyo: hakuna tangazo jipya litakaloingia, hakuna mega itakayopotea, na hakuna mgeni atakayemwandikia. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, hii peke yake ni ulinzi mkubwa.

Hatua ya tatu ni kuucheza mwenyewe kwa dakika tano. Je, unaomba jina, umri au namba ya simu? Je, unaomba ruhusa ya kusikiliza kipaza sauti au kuona mahali ulipo, bila sababu? Mchezo wa kupaka rangi hauhitaji kujua mtoto anaishi wapi. Mnamo 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa kampuni kubwa hivyo zilifikishwa huko, mchezo usiojulikana umetengenezwa na nani unastahili tahadhari zaidi.

Hatua ya nne ni kufunga milango mingine. Katika mipangilio ya Play Store, mzazi anaweza kudai neno la siri kwa kila ununuzi na kuwasha «contrôle parental». Simu nyingi za Android zina pia uwezo wa «épingler», yaani kuibana programu moja kwenye kioo, hivi kwamba mtoto hawezi kutoka na kuingia WhatsApp, kwenye picha za familia au kwenye akaunti ya pesa.

Saa moja, na mtu pembeni

Hata mchezo bora una kipimo. Mnamo Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa walio chini ya miaka miwili, halishauri kuwaweka mbele ya kioo. Kwa wa miaka 2 hadi 4, muda usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Sababu yake inaeleweka na kila mama: mtoto mdogo anahitaji kukimbia, kulala vya kutosha na kuzungumzishwa.

Saa hiyo moja inaweza kugawanywa: dakika ishirini za herufi, kisha simu inawekwa chini na mtoto anaandika herufi ileile kwa kijiti mchangani. Dakika ishirini za kuhesabu, kisha anatumwa kuhesabu nyanya zilizotoka sokoni. Kinachobaki kichwani ni kile alichokifanya pia kwa mikono.

Kaka na dada wakubwa wana nafasi hapa. Katika familia ambazo mzazi hurudi usiku, mwanafunzi wa sekondari anaweza kupewa kazi ya kukaa na mdogo wake, kumsomea maagizo ya Kifaransa na kumweleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Watoto wa Tanga waliofika nusu ya njia walikuwa na kifaa kizuri. Mtoto wa Likasi anaweza kuwa na kifaa cha kawaida, programu ileile ya bure, na mtu wa kumwuliza swali. Kwa upande huo, anaanza akiwa mbele.